Sema Kwanza Hoja Yangu

Jumamosi, 2 Machi

Makala imetoka. Safu yangu, "Sikubali", ina miaka kumi na tisa gazetini, na leo imetoka na meno yote. Nimewachana wakubwa wa elimu wanaotaka watoto wa miaka kumi na sita wachague kabisa: chuo kikuu au chuo cha ufundi. Nimeandika kwamba mtoto wa umri huo hajui hata soksi zake ziko wapi. Mama yangu aliisoma kwa sauti sebuleni, akafika hapo, akamtazama mjukuu wake. Mjukuu akatazama miguu yake. Soksi mbili, rangi mbili. Ushahidi.

Fomu ya mwanangu ya kuchagua nimeshamjazia. Alama kwenye kisanduku cha chuo kikuu, kwa wino. Atasoma sheria. Namwita Wakili tangu ana miaka mitano, siku aliponithibitishia kwamba kuoga ni adhabu, na adhabu bila kosa ni uonevu. Nilishindwa. Hakuoga. Mtoto wa namna hiyo utampeleka wapi kama si mahakamani?

Imebaki saini yake. "Acha kwanza nifikirie, mama." Afikirie nini? Fomu inarudi shuleni Jumatatu ya tarehe 11.

Jumapili, 3 Machi

Maji hayajapanda tangu jana. Pampu ya jengo tena. Wakili alishuka kwa fundi pampu saa mbili asubuhi, akarudi saa saba, grisi mpaka kwenye kope. Akasimama mlangoni pa jikoni, bomba likiwa wazi, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza wimbo aliotunga mwenyewe. Bomba likakohoa. Likakohoa tena. Maji yakaja.

Nikamwambia akaoge. "Leo una haki," akasema. "Leo kosa lipo."

Nilimkumbatia na grisi yake. Blauzi imekwisha. Ulimi kama huo, na anautumia kubembeleza pampu!

Jumanne, 5 Machi

Mkasi alikuja mezani kwangu ofisini. Ndiye mhariri wa ukurasa wa barua. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukutana na sentensi asiyoikata. Ameshika karatasi moja kwa mikono miwili. "Hii sijaikata, dada. Hata nukta." Nikadhani anaumwa.

Utaratibu wetu ni wa siku nyingi: barua kali hupewa mwandishi aliyeshambuliwa, naye hujibu, na vyote viwili huchapwa Jumamosi bega kwa bega. Nimejibu barua zaidi ya mia. Sijashindwa. (Haya, mara moja. Yule mkunga.)

Huyu anajiita Msomaji wa Kila Jumamosi. Anauliza: kama miaka kumi na sita ni michache mno kuchagua, mbona anayechagua udaktari katika umri huo tunamwita mwenye maono, na anayechagua pampu tunamwita mtoto? Anamaliza kwa kusema makala haijawahi kupandisha maji ghorofa ya nne.

Damu ilinichemka vizuri. Adui mwenye meno, hatimaye! Niliandika dakika arobaini bila kuinua kichwa. Nimemwita mwalimu mstaafu aliyechoka kufundisha. Nimesema anataka watoto wa wenzake washike spana ili wa kwake washike kalamu.

Mkasi akasoma, akapiga mluzi. "Umemzika, dada."

"Na udongo nimeshindilia."

Jumatano, 6 Machi

Kuna kitu kinanikera kwenye barua ile. Si hoja yake. Ni aya ya kwanza.

Kabla ya kunipinga, anaieleza hoja yangu. Sentensi nne, na ameieleza vizuri kuliko nilivyoieleza mimi. Kwamba mlango ukifungwa mapema, anayebaki nje ni yule asiye na mtu wa kumfungulia mwingine. Kwamba mtoto wa mwenye nacho ataendelea kuchagua hata akiwa na miaka thelathini, na wa maskini atakuwa amechaguliwa. Kisha: "Hiyo ndiyo hoja yake. Nikiwa nimeikosea, anisahihishe kabla sijaendelea."

Nani anaandika hivyo siku hizi? Watu wanaanza na tusi, wanamaliza na tusi, katikati wanaweka takwimu. Nimesoma kabati zima la wabishi, wa kale na wa leo. Wenye adabu hiyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nyumba yenye sheria hiyo naijua moja tu.

Ni sheria ya meza yetu ya chakula. Huruhusiwi kumpinga mwenzako mpaka uiseme hoja yake, na uiseme vizuri hadi mwenyewe akiri, "Hapo umenipata." Niliiweka Wakili akiwa na miaka saba. Mama yangu aliiita wazimu, kisha akaanza kuitumia kwa muuza mboga.

Na hiyo ghorofa ya nne. Lini nimeandika gazetini kwamba nakaa ghorofa ya nne?

Nilikuwa kwenye ngazi za ofisi. Nikakaa hapo hapo, mkoba mapajani, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niletewe maji. Maji! Nikacheka upya.

Mwanangu. Kanitoa jasho mwanangu. Hakutumia jina langu, hakuomba ruhusa, akapita kwa Mkasi bila mkwaruzo. Wapo maprofesa ambao Mkasi huwarudisha nusu.

Nyumbani nilijifanya sijui. Nilimtazama akila. Grisi bado imekaa kwenye kucha. Nilitaka kuvibusu vile vidole kimoja kimoja. Wakili alipoondoka mezani, mama yangu akanitazama ninavyoutazama mlango, akasema, "Umeshajua."

Kumbe yeye alijua zamani. Ndiye aliyesomewa kila mstari, akimwambia hapa punguza, hapa kaza.

"Mama, mlinificha?"

"Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ulidhani unafuga sungura?"

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka nikiwa bado mshindi. Nikiwa napiga mswaki nikakumbuka jibu langu.

Mwalimu mstaafu aliyechoka. Watoto wa wenzake washike spana. Mtu mwenye spana ni mwanangu, na Jumamosi ataisoma hiyo mbele ya chai yake, iliyoandikwa na mama yake, akijua kwamba mama yake hakujua.

Nikaenda kwa Mkasi mbio. Nikamwomba aliondoe jibu langu, barua itoke peke yake. Akataka sababu. Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Dada, barua ikitoka bila jibu, kijana atajua umemhurumia. Lini wewe ulimhurumia mtu?"

Amesema kweli, na nimechukia kwamba ameisema yeye. Kumhurumia mpinzani ni kumwambia hafai kupigwa. Yule hakuandika ili abebwe.

Basi nikachukua jibu langu nikalipima kwa sheria ya meza yangu. Mistari themanini. Hoja yake iko wapi? Nimeitafuta kama sindano. Nimepiga umri ambao si wake, kazi ambayo si yake, watoto ambao hana. Mezani nimelea mtu mwenye haki. Gazetini nimekuwa nikizika watu wakiwa hai na kupokea pongezi. Labda hata yule mkunga si peke yake aliyenishinda. Labda wengine walizomewa tu wakanyamaza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia. Kina maji mazuri, lakini ni baridi.

Ijumaa, 8 Machi

Mkasi alinipa mpaka saa sita mchana.

Nilianza na hoja yake. Sentensi ya kwanza ilikuja rahisi. Ya pili nikaifuta mara tano. Ya tatu nilipoimaliza nikatafuta "lakini" yangu. Haikuwepo. Nikazunguka meza. Nikanywa maji, nikafikiria yamepandaje. Bado haikuwepo. Mimi, bila "lakini"!

Nimetuma hoja yake, kisha mistari miwili: "Wakubwa wa elimu bado siwakubali, kwa sababu zile zile ambazo msomaji huyu amezieleza kunizidi. Ila kwa kijana anayejua anachotaka, nilikosea."

Mkasi alisoma, kalamu nyekundu mkononi. Akairudisha kalamu mfukoni.

Jumamosi, 9 Machi

Chai. Mama yangu, Wakili, mimi, gazeti. Alilifungua ukurasa wa barua bila haraka, kama mtu asiye na lake humo. Masikio yalikuwa yanamwaka. Akasoma ya kwake. Akasoma yangu. Akarudia yangu.

"Huyu mwandishi amejitahidi," akasema.

"Amejitahidi tu?"

"Sentensi ya tatu ameikosea. Anasema kijana anapenda pampu kwa sababu zina manufaa kwa watu. Sivyo."

"Wewe umejuaje?"

Mama yangu akapaliwa na chai. Wakili akanitazama, nikamtazama, na wote wawili tukashindwa kuzuia kicheko. Nikampa mkono kama ninavyompa mpinzani aliyenibwaga. Akaupokea. Kiganja chake kimeshapita changu kwa ukubwa. Lini?

Kisha akachomoa karatasi katikati ya daftari lake, akailaza mezani, akailainisha. Fomu mpya. Visanduku viwili vyeupe. Aliiomba shuleni tangu Jumatatu. Ile yangu ya wino, anasema, ameitunza kama ushahidi.

Nikachukua kalamu. Akaweka kiganja juu ya fomu.

"Bado, mama. Sheria ni sheria. Sema kwanza hoja yangu."

Nikasema: unataka kazi inayoonekana, si maneno matupu. "Hapo unajisema wewe." Nikasema: unataka kuwasaidia watu wa jengo. "Hiyo ni ya gazetini." Nikasema: umechoka kuitwa Wakili. Akacheka. "Hapana, hilo nalipenda. Nitakuwa nalo hata huko chuo cha ufundi."

Mama yangu akasema mpe muda, mwenzio mtu mzima. Nimepewa dakika kumi. Ndiyo maana niko chumbani na daftari hili, nimekaa ukingoni mwa kitanda kama mtahiniwa. Upande wa pili wa mlango bibi anamuuliza kama atanipunguzia. Anamjibu, "Hata nukta."

Miaka kumi na sita ninamwangalia. Nimeangalia mdomo tu.

Anagonga. "Muda, mama."

Nadhani ninayo. Haimo kwenye barua. Ni ya Jumapili, mlangoni pa jikoni, kichwa kimeinama: bomba linakohoa, hakuna hata tone, jengo zima limekata tamaa, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba maji yanakuja.