Nilifuta 6t⁵ Ubaoni

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla pumzi haijakatika, kwa maana kwa miaka hamsini na mbili nimeficha kwamba kosa linalomwaibisha rafiki yangu Zewdu nililifanya mimi.

Tulifundisha hesabu pamoja hapa Dessie, na siku mkaguzi alipokuja kuchagua mmoja wetu wa kwenda kusoma ng'ambo tulipewa integrali moja, ya moja gawanya kwa jumla ya kipeuo cha pili cha x na kipeuo cha tatu cha x, nikahangaika nayo kurasa tatu, Zewdu akaitazama huku akitafuna shayiri ya kukaanga, akasema, "Gashe, x ifanye t kwa kipeo cha sita, vipeuo vyote vitakufa," na vikafa kweli, mshauri, na wivu ukaniunguza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, ndiyo maana huniita Gashe, yaani kaka mkubwa, na ndiye niliyemfundisha kipeuo ni nini. Akaandika mistari ya mwanzo ubaoni, akatoka kumlaki mkaguzi, nikabaki peke yangu, nikafuta 6t⁵ iliyokuwa mbele ya dt, sehemu inayotokana na kubadilisha dx, basi. Aliporudi, kwa woga akaendelea kutoka palipoandikwa, jibu likapotoka, mkaguzi akacheka: "Mwalimu mzima unabadilisha x, unasahau dx? Hata wa mwaka wa kwanza hawafanyi hivyo!"

Nikaenda ng'ambo mimi. Zewdu akaacha hesabu, akafundisha jiografia. Kila Jumapili huja tunywe kahawa, na akisahau hata kofia hucheka, "Unashangaa nini, Gashe? Si ndiye mimi wa dx?" Daktari amenipa wiki chache. Nimwambie, au nimwache na amani yake? Hata kicheko hicho namwonea wivu.

Mekuria, Dessie

Mzee Mekuria, pole kwa maradhi, lakini amani gani hiyo? Mtu aliyekimbia somo alilolipenda kwa kutojiamini hana amani, ana mazoea. Unaogopa Jumapili zako zitakuwa tupu. Huo ni woga wako, usimvike yeye. Safari uliyomnyang'anya hairudi. Imani yake katika akili yake mwenyewe bado unayo mkononi, nawe umeikalia!

Usianze na kuomba msamaha, maana atajiona analazimika kukufariji. Chukua karatasi, andika integrali ile kwa mkono wako, 6t⁵ iwe mahali pake, mpe. Akitaka kuondoka, usimshike. Ila asivuke kizingiti kabla hujamtazama usoni ukasema: "Zewdu, hukusahau. Nilifuta mimi."