Mama Mkwe Ameniomba Niipindishe Kamera

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie upesi kwa sababu Jumamosi inakuja na nimeshaahidi kazi ambayo nikiifanya naweza kuua mtu na nisipoifanya nitafukuzwa ukweni, na hata mke wangu hajui kama nakuandikia, anadhani nipo kwa mteja.

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi. Kazi yangu ni kuzifunga ukutani, kuvuta waya mpaka kwenye mashine ya kurekodi, na kurudi pale mteja anapopiga simu kwamba picha imekuwa nyeusi, na mara nyingi nikifika nakuta buibui amejenga mbele ya lenzi au mtu amechomoa plagi ili achaji simu, basi nafuta, nachomeka, napewa maji ya kunywa, naaga. Nilikuwa sina neno na mtu.

Balaa lilianzia kwa shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mwenye saluni, mwanamke ambaye akikuambia kaa huulizi wapi. Anaishi na mama yao, yaani mama mkwe wangu, mjane wa heshima zake, ambaye mpaka leo nikizungumza naye natazama viatu vyangu. Ukuta mmoja tu unamtenganisha shemeji na muuza spea za magari, mtaa mzima tunamwita Bwana Spea, na hao wawili hawasalimiani kwa sababu ya mfereji wa bati, kila mmoja anasema mwenzake ndiye anayemmwagia maji ya mvua. Bwana Spea naye anaishi na baba yake, Mzee, mgane, fundi saa aliyestaafu, mtu wa kofia hata akiwa sebuleni kwake.

Sasa shemeji akawa kila akirudi kazini anakuta kigoda kimehamishwa mpaka kwenye kona ya nyuma, karibu na tangi la maji, na chini maganda ya karanga, akaamua moja kwa moja kwamba jirani anatuma mtu aje kusikiliza maneno ya nyumbani kwake, akaniita nifunge kamera na moja nimwelekezee kona ile ile. Nikafunga. Kesho yake nikarudi kuhakikisha kama inarekodi, nikaiwasha mashine, nikarudisha picha za asubuhi, nikamwona mama mkwe anatoka na kigoda, kavaa gauni la kwendea harusini, anakaa kwenye kona, anaugonga ukuta kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Mara kofia ikachomoza juu ya ukuta. Halafu mkono na kikombe cha chai. Mama mkwe akapokea, akanywa, akarudisha, wakashikana mikono pale pale juu ya ukuta, naye akacheka. Mshauri, tangu nimeoa sijawahi kuyaona meno ya mama mkwe.

Sijakaa sawa nikasikia sauti mgongoni kwangu.

"Baba, hicho kijicho chako kinafika mpaka kule kona?"

Nikasema kinafika, mama.

"Kipunguze."

Nikajaribu kumweleza kwamba shemeji ndiye aliyetaka kifike.

"Mke ulipewa na nani, na yeye au na mimi?"

Nikapanda ngazi, nikaipindisha kamera ikatazama tangi. Ile picha nikaihamishia kwenye simu yangu, nikaificha, kwa usalama tu, likitokea la kutokea niwe na ushahidi kwamba kamera ilikuwa nzima, kisha nikaifuta kwenye mashine.

Bwana Spea alipoona kamera kwa jirani akasema hivyo ni vita, akaniita na mimi, kwa makusudi, kwa sababu alitaka fundi anayejua shemeji anatazama wapi. Kazi ni kazi, nikaenda. Nikiwa natoboa ukuta, Mzee akaja na kofia yake na sahani ya karanga za kukaanga, akaniambia, "Kijana, nasikia wewe ni mwelewa." Nikamuuliza amesikia kwa nani. "Kwa mtu," akasema, halafu akanionyesha kona kwa bakora yake. "Hapa mimi hupunga upepo. Upepo wenyewe haupendi kupigwa picha."

Basi nikaipindisha na hiyo ikatazama tangi la upande wao, na tangu siku hiyo nimekuwa fundi mwenye matangi mawili yanayolindwa kuliko benki, kumbe nilisahau kwamba kamera hizi zikiona kitu kinacheza hupiga kengele kwenye simu ya mwenyewe, na vivuli vya wale wawili vinapita juu ya tangi kila asubuhi, kwa hiyo shemeji yuko saluni simu inalia, anafungua, tangi, Bwana Spea yuko dukani simu inalia, anafungua, tangi. Bwana Spea akanipigia akaniuliza, "Fundi, hili tangi langu limeota miguu?" Nikamwambia maji yameingia kwenye kiungo cha waya. Shemeji nikamwambia kamera ikielekezwa kule inapigwa na jua inachanganyikiwa. Akasema, "Kamera inaogopa jua. Sasa inalinda nini, mwezi?" Maneno hayo akayapeleka saluni, wateja wakacheka mpaka rola zikawatoka kichwani, mke wangu akarudi nyumbani, akaniuliza kama hii kazi nilijifunza au niliiokota.

Wiki iliyopita sijui paka alipita juu au upepo, kamera ya Bwana Spea ikasogea kidogo, akaona pembeni mwa picha mkono wa mtu umeshika ukuta. Mkono tu. Hakuuliza wa nani, akaenda kununua waya wa umeme, ule wa kutandaza juu ya ukuta, mtu akiugusa unamrusha, na anataka niufunge Jumamosi. Shemeji ameliona bunda la waya linaingizwa, na yeye anataka wa kwake, tena wenye nguvu zaidi.

Nikamkimbilia mama mkwe. Akasema, "Wewe ni fundi, tafuta ufundi." Nikaenda kwa Mzee, yeye akasema nifunge waya ila nisiunganishe umeme, atakuwa anaushika mwenyewe kila asubuhi ajiridhishe. Lakini mshauri, waya niliouacha bila umeme leo, kesho atakuja fundi mwingine asiye na mama mkwe pale, atauunganisha.

Nimwambie mke wangu, ambaye hana siri na dada yake? Nimwambie shemeji aniondolee meno? Nijilaze kitandani niseme ninaumwa? Naona haya yote ni mabaya, niambie lipi ni baya kidogo.

Mimi,
Mlinzi wa Matangi

JIBU

Mlinzi wa Matangi, shuka ngazi kwanza tuzungumze.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika, nawe stahimili yote mawili. Shemeji alipokuita ulikuwa na mteja mmoja. Leo una wanne, wawili wanataka kuona na wawili hawataki kuonekana, na kila mmoja umemwambia "sawa". Hiyo "sawa" yako ndiyo mbovu, kamera hazina kosa.

Nakuelewa. Mtu aliyekupa mke akisema "kipunguze" si rahisi kumjibu, mimi mwenyewe ningepanda ngazi. Lakini tazama ulivyoendelea. Ukasingizia maji, ukasingizia jua, bado kidogo umsingizie buibui wa watu. Umeiharibu kazi yako kwa mikono yako, halafu unashangaa mkeo anakuuliza kama uliiokota.

Sasa nisikilize. Huo waya hufungi. Si bila umeme, si wenye umeme. Nenda kwa wote wawili, leo, uwaambie hiyo kazi huifanyi kwa sababu ukuta huo unashikwa na watu wa nyumbani. Sentensi moja, kweli tupu, ukimya. Wakikuuliza watu gani, waambie wawaulize watu wao. Kujilaza kitandani sahau, maana wewe ukiwa unaumwa waya utafungwa na mzima.

Ile picha iliyo kwenye simu yako, ifute kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Ushahidi gani? Umemrekodi mama wa mke wako akifurahi, ukamweka mfukoni, unatembea naye. Siku mkeo akiomba simu apige picha ya mtoto utaniandikia barua nyingine, na hiyo sitaijibu.

Siri hii si yako, kwa hiyo si ya kumwambia mkeo wala dada yake. Wenye siri wapo, wana ndimi, na kwa hayo uliyoniandikia ndimi zao ni kali kuliko zako. Nenda kwao, mmoja mmoja, kwa adabu, ukitazama viatu vyako kama ulivyozoea, uwaambie kwamba Ijumaa asubuhi unazinyoosha kamera zote mbili. Wakitaka kusema na watoto wao kabla ya hapo, waseme. Wakitaka kuhamisha vigoda, wahamishe. Wewe ni fundi, si pazia.

Na hapa nina neno kwao, ukiweza uwasomee. Mama, na wewe Mzee, mmewalea watoto wenu mpaka wakajenga nyumba na ukuta, leo mnawaogopa kama wanafunzi wanaochelewa kurudi bweni. Mapenzi ni kikohozi, mnajua wenyewe hayafichiki. Mkijificha nyuma ya tangi, watoto wenu wataendelea kuwinda mwizi ambaye hayupo, na mtego watakaoutega utawanasa ninyi.

Wao wakishasema, wewe rudi kwa wateja wako, ukiri kwamba kamera zilikuwa nzima na fundi ndiye aliyepinda. Kisha zielekeze kwenye lango, ambako wezi huingilia. Mahali watu wanapokaa kunywa chai hapahitaji mlinzi.

Fanya leo. Usingoje ujasiri, hauji.

BARUA YA PILI

Mshauri, nimerudi, na nimeifuta.

Bwana Spea nilipomwambia siufungi waya alisema mafundi wamejaa mjini. Nikamwambia amwite mwingine, ila baada ya Ijumaa. Shemeji akaniuliza, "Watu gani wa nyumbani?" Nikamwambia awaulize watu wake, kama ulivyosema, akasema watu wake hawapandi kuta.

Mzee alipopata habari ya kamera alivua kofia akaipangusa, akasema ni haki. Mama mkwe akaendelea kuchambua mchele mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akasema, "Zinyooshe." Nilipokuwa naondoka akaniita tena. "Inatazama upande gani wa uso?" Nikamwambia wa kushoto. Akasema vizuri, ndio mzuri zaidi.

Ijumaa nikazinyoosha. Hawakwenda kusema na mtu, na vigoda hawakuvihamisha. Walikaa pale pale, wakagongeana ukuta, wakapeana chai, na kule dukani na saluni simu zikalia. Bwana Spea alimwacha mteja kaunta. Shemeji alitoka na kitana mkononi, na mteja wake, kichwa kimesukwa nusu, akamfuata nyuma ili asipitwe. Wakakutana barabarani mbele ya mageti yao, wakatazamana, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayekimbilia kumkamatia mzazi wake.

Mzee alimpokea mwanawe akiwa amesimama juu ya kigoda, akamwambia, "Ulikuwa unatafuta mwizi. Mimi ndiye niliyekuwa ninampa karanga." Upande wa huku shemeji aliingia anahema, kitana bado mkononi. Mama mkwe akamwambia, "Kaa, mwanangu, utaanguka," naye akakaa, wala hakuuliza wapi. Akalia, akasema, "Mama, si ungeniambia." Mama mkwe akamjibu, "Ningekuambia saa ngapi, wewe kutwa unazungumza habari za mfereji." Bwana Spea alikaa kwenye msingi wa tangi, mwisho akaomba chai.

Sitakudanganya kwamba wamepatana. Ugomvi wa mfereji upo vile vile, ila sasa wanagombana wakiwa wamekaa. Niliwakiria wote kwamba mimi ndiye niliyepinda; Bwana Spea akacheka, shemeji amenuna, ananiita "fundi jua" mbele ya watu. Mke wangu alinipiga mto, halafu akanikalisha akataka nimsimulie mama yake alivyocheka, na nilipomwambia picha nimeifuta akanipiga tena.

Lililobaki ni hili. Wazee wanataka kuwa pamoja, na hakuna mtoto anayekubali mzazi wake ahame, kwa hiyo wameamua kutoboa ukuta pale kwenye kona waweke mlango mdogo, na wamenipa mimi kazi ya kuusimamia. Mama mkwe anataka komeo liwe upande wa ndani. Nikamuuliza ndani ni upande upi. Akasema, "Upande nitakaokuwa mimi." Nifanyeje?

JIBU

Weka makomeo mawili, moja kila upande. Kamera usiweke hata moja.