Kura Niliyotumwa Kuipeleka

Papa mpendwa,

Nakusalimu kutoka Itebero. Mimi mzima, ni mikono tu imechoka kwa kushona sare za shule. Huko Mushaki mmeamkaje? Goti lako linakubali kupanda mlima nyuma ya ng'ombe, au baridi bado inalisumbua? Usinijibu kwamba hujambo ili kunituliza, nakufahamu.

Nina swali linalonikosesha raha, na wewe ndiye wa kuniambia ukweli.

Mwezi uliopita watu wa upande wetu, ng'ambo ya mto, walinichagua kuwa mjumbe wao. Nilicheka. Mimi mgeni niliyetoka huko kwetu Masisi, hata mihogo napanda vibaya, nitamsemea nani? Jirani yangu Mama Sifa akanieleza bila aibu kwamba hapa kila mtu ana mjomba wa kumpendelea, ila mimi sina hata shangazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akanitania. Sisi wajumbe watano tulitakiwa kumchagua mwenyekiti wa kamati ya kituo cha afya. Yeye ndiye anayetunza kipoyi, ile machela ya kubebea wagonjwa mabegani, na huku msituni bila kipoyi mama mwenye uchungu wa kuzaa hafiki. Watu wangu wakanituma na jina moja: Papa Désiré, mtu wetu, mkarimu kweli.

Siku ya kura tuliwauliza wagombea wawili kipoyi kitalala wapi. Papa Désiré akasema nyumbani kwake, chini ya kufuli, kisiharibiwe. Nikashtuka. Papa Désiré hushinda shambani, mwendo wa nusu siku, na ufunguo huuvaa shingoni. Mama Régine, mgombea wa pili, akasema kitakaa kwenye kibaraza cha kanisa, pasipo na mlango. Kura zikawa mbili kwa mbili. Mimi mgeni niliachwa wa mwisho. Nikainua mkono kwa Mama Régine.

Niliogopa kurudi, Papa, sikufichi. Nilivuka mto nikiwa na hotuba nzima kichwani, na nilipofika mbele yao ikapotea yote. Nikaeleza habari ya ufunguo. Wachache waliitikia kwa kichwa, wengi walinuna. Mama Sifa, ambaye binti yake yu karibu kujifungua, ndiye aliyesema.

"Tulikutuma useme jina ya Papa Désiré. Ukasema ya mwengine. Sasa ile kura iko yetu ao iko yako?"

"Mungekuwa pale, mungesikia ile nilisikia."

"Hatukukuwa pale. Njo maana tulikutuma."

Nimelitafakari neno hilo siku nyingi. Je, alinilaumu au alinitetea? Wewe hupeleka maziwa ya majirani barabarani. Ukikuta mnunuzi hakuja, huna muda wa kurudi kupiga hodi kila mlango. Unaamua mwenyewe kabla hayajachacha. Lakini wangekuambia asubuhi uyauze kwa mtu fulani tu, nawe ukaona bidoni lake, dumu la kutilia maziwa, ni chafu, ungefanyaje? Niambie ulichowahi kufanya, si kile kinachofaa kusemwa.

Basi, wakaniondoa. Walipiga kura palepale kumchagua mjumbe mwingine, na jina la Mama Sifa likatajwa. Nilisogea pembeni nishike njia ya nyumbani, Mama Sifa akanishika nguo.

"Unaenda wapi? Inua mukono, tunahesabu."

Nikainua, Papa. Nikamchagua yeye, na nikalia mbele za watu bila kujua kama ni aibu au ni furaha.

Nisalimie Mama, na kaka yangu anayechunga, na dada aliyeolewa Muheto pamoja na watoto wake, na yule katekista aliyenifundisha kusoma. Wakiuliza kama bado ni mgeni huku, waambie nilihesabiwa.

Binti yako,
Neema