Kitufe cha Kumlenga Adui

Jumapili usiku, Mbalizi

Yaani Ambakisye kashinda! Tangu ajali ya bodaboda, kidole gumba chake cha kulia hakina nguvu, na mdogo wangu huyu alikuwa ameacha kabisa gemu za video za mapanga. Alishindwa kugeuza kamera ya gemu kwa kidole hicho huku anapigana.

Leo nilimwonyesha kitufe cha kumlenga adui. Ukikibonyeza, kamera inamng'ang'ania popote anapokwenda. Kazi yako ni kuzunguka na kupiga.

"Dada, simtafuti tena, yuko mbele yangu tu!"

Adui wa pili alimvizia mgongoni, akamuua mara kadhaa. Basi akajifunza kumwachia mmoja na kumkamata mwingine. Aliyebuni kitufe hiki ana akili sana.

Kidole chenyewe bado kinanitia hofu. Lakini mama alipotuita kula, Ambakisye alijibu, "Subirini, napigana!" Hatukuwa tumemsikia akiongea hivyo tangu...

Mama akaifunika sahani ya Ambakisye bila kugomba.