Shaba Ndani ya Mafuta

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwaga tena mafuta ya moteri ya ndeke, ndege yetu ndogo, yakiwa bado moto kama inavyotakiwa. Ya kwanza nimeyaacha yapite, kisha nikajaza kachupa katikati. Kidole kimeungua. Kachupa kameondoka hapa Kolwezi na basi la Lubumbashi. Kutoka huko kanapanda ndege kubwa hadi Afrika Kusini, kwenye laboratwari inayopima mafuta.

Hii ni sampuli ya pili. Majibu ya ile ya kwanza yalikuwa mabaya: shaba imepanda sana kwenye mafuta, mchanga nao umepanda. Wanashauri ndeke isiruke mpaka waone nyingine. Ndani ya moteri kuna pete za shaba ngumu zinazobeba vyuma vinavyozunguka. Pete ikianza kulika, shaba inaonekana kwenye mafuta. Ikivunjika, moteri inazimika angani.

Filtri, chujio la mafuta, nimeikata. Ndani kuna tope laini, linameta kidogo juani. Sumaku haikulivuta. Kwa hiyo si chuma.

Ndeke yetu ni moja, ya moteri moja. Mi fundi wake, nimeisimamisha mwenyewe. Tata Salumu, mwenye ndeke, amesikiliza bila kusema kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Leo Tata Salumu amesema. Amekuja na chupa ya dawa ya kuongeza kwenye mafuta, ameinunua kwa marafiki zake wa malori.

"Inafunika vyuma, tata. Malori yangu yote inakunywa hii."

Nimesoma maandishi ya chupa. Ni ya magari. Moteri ya ndeke ina dawa zake zilizokubaliwa, na hii haimo. Tena dawa haioteshi pete mpya. Itaficha ugonjwa tu, na sampuli zote zijazo zitasema uongo. Nimekataa. Hakugomba. Ameenda kuswali.

Afadhali angegomba.

Alhamisi, 7 Agosti

Ruwej, mke wangu, amepiga simu asubuhi. Yuko Musumba tangu mwezi uliopita, kwa mama yake. Huniita baba wa binti yetu Ntumba.

"Tata Ntumba, mama tumbo imefunga. Iko natapika tu. Docteur anasema lazima kumupasua, na hapa dawa ya kulalisha muntu iliisha. Anasema tumulete Kolwezi."

Halafu: "Mutume ndeke."

Anajua imesimama. Nilimwambia Jumatatu, kama habari ya kazi, kama mtu anayesimulia mvua. Nimemwambia nitaona. Nitaona nini?

Ijumaa, 8 Agosti

Tata Salumu amepiga simu kila mahali Lubumbashi. Ndeke moja iko nje ya nchi. Nyingine ni nzito, haiwezi kutua kwenye kiwanja cha mchanga cha Kapanga, karibu na Musumba. Wa tatu hapokei. Nimeandika kwa laboratwari. Wamejibu kwa adabu: kachupa bado hakajafika.

Nimewasha moteri, ndeke ikiwa chini. Inaimba. Presha ya mafuta nzuri, joto nzuri, hakuna mtikisiko. Nimezima, nikafungua filtri mpya. Kumeta kidogo tu. Si kitu. Au ni kitu. Nimekaa chini ya bawa na ile karatasi ya filtri mkononi kama mtu anayesoma asichojua kusoma.

Kapiteni Tshilumba amekuja kukaa karibu yangu. Rubani wetu. Jirani yangu hapa Dilala, watoto wake wanacheza uani kwangu.

"Weye njo fundi, si mi," amesema. "Ukisema twende, tunaenda. Leo hii."

Amesema kwa moyo mzuri. Nimemchukia kwa dakika moja. Ameniwekea yote mikononi.

Kutoka hapa mpaka Kapanga ni msitu, mito, nyika. Mahali pa kutua moteri ikizimika hakuna. Na wakati wa kurudi, ndani watakuwa Tshilumba, mama mukwe, na Ruwej. Ruwej hatamwacha mama yake asafiri peke yake.

Angekuwa mama wa mtu mwingine, ningesema hapana na kwenda kula. Huyu alinipikia ugali wa muhogo siku nilipoenda kuposa, akanicheka jinsi nilivyoukata. Mtu wa Kasai, alisema, mkono wake umezoea mahindi.

Nimesema hapana.

Tshilumba ameshika bega langu. Ameenda zake.

Ijumaa, jioni

Nimempigia Ruwej. Nimeeleza shaba, pete, sampuli. Ameniacha nimalize.

"Sawa. Tutapita barabara."

Hakulia. Tata Salumu ana Land Cruiser huko Kapanga, inayobeba samaki wakavu. Ameiamuru ishushe mzigo wote na imchukue mama. Ameamuru hivyo bila mi kuomba. Nilikuwa nimemfikiria vibaya.

Jumamosi, 9 Agosti

Wameondoka Musumba. Godoro nyuma ya gari, mama juu yake, Ruwej ameshika kichwa chake. Barabara ile naijua. Mchanga mwingi, madaraja ya miti, malori yaliyokwama. Mtu mzima mwenye afya anashuka hapo akishika mgongo.

Nimefagia hangari yote, banda zima la ndeke. Halafu nikafagia tena.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Sikusikia mahubiri. Simu ya Ruwej haipatikani. Njiani mtandao unapatikana Sandoa tu. Ntumba, binti yetu, ameniuliza kama nyanya atalala chumbani kwake. Nimesema ndiyo. Ametandika kitanda.

Upepo mwingi. Vumbi limeingia mpaka kwenye sahani.

Jumatatu, 11 Agosti

Amekufa. Sandoa, kabla gari halijafika hospitali.

Ruwej ameongea maneno machache, mtandao unakatika. Wanageuza gari. Atazikwa Musumba, kwao.

Siwezi kwenda. Kwa barabara nitafika wakishazika. Kwa ndeke, ndeke niliisimamisha.

Ntumba ametandua kitanda mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Majibu yamefika.

Wametuma barua pepe yenye swali kwanza: ndeke hii inakaa wapi? Kwa sababu kwenye mafuta wamekuta kobalti pamoja na shaba na mchanga. Moteri yetu haina kitu kinachotoa kobalti hivyo. Na bati, ambalo lingetoka pamoja na shaba kama pete zinalika, halikupanda hata kidogo. Wanasema ni vumbi. Vumbi la madini, limeingia kupitia njia ya hewa. Kagua mpira unaoziba kisanduku cha hewa, badilisha, safisha, mwaga mafuta. Ndeke inaweza kuruka.

Nimeenda kuangalia. Mpira umepasuka kwa nyuma, mahali ambapo mkono haufiki bila kushusha kisanduku chote. Moteri ilikuwa inapumua vumbi la machimbo ya Kolwezi.

Pete ni nzima. Ingeenda Musumba na kurudi. Ingeenda mara nyingi.

Nimempigia Tshilumba. Nimemsomea majibu yote.

"Hukujua," amesema.

"Hapana."

"Hata mi sikujua. Na nilikuwa naogopa, rafiki. Sikukuambia."

Hilo halinisaidii. Nitasoma barua hii mara ngapi? Laiti wangekuta pete imevunjika. Nimejikuta natamani moteri iwe mbovu. Mimi, fundi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpira mpya umefungwa. Kisanduku safi, mafuta mapya, filtri mpya. Nimewasha. Inaimba vilevile kama siku ile.

Nimesaini iruke.

Tata Salumu amesema safari ya kwanza itakuwa Kapanga: apeleke chumvi, amrudishe Ruwej siku matanga yakiisha. Bure, amesema. Nimemshukuru. Nimerudi kufagia hangari.

Jumanne, 26 Agosti

Ndeke imeondoka asubuhi. Nilikuwa kwenye kiwanja kabla ya wengine wote. Watoto wamebaki nyumbani, mimi sikuwa na kazi nyingine. Niliketi kwenye pipa nikaangalia upande wa kaskazini. Nilisikia moteri kabla ya kuiona. Sauti nzuri. Jua lilikuwa bado halijafika kichwani.

Ruwej ameshuka mwenyewe, nywele zimenyolewa. Kifuani ameshika bunda la vitenge vya mama yake. Tshilumba amebaki ndani akijifanya anaandika.

Ruwej amegeuka kuangalia huko alikotoka.

"Tata Ntumba. Kwa ndeke ni karibu vile?"

Nimemwambia yote pale pale, tumesimama. Vumbi, mpira, kwamba ingefika. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yamekuwa machache.

"Kama ungejua, ungetuma?"

"Ningetuma siku ile ile."

Ameitikia kwa kichwa. Hakuniambia si kosa langu. Hakuniambia ni kosa langu. Ameniomba maji, amekunywa, akanipa bunda nibebe. Lilikuwa jepesi.

Tumerudi nyumbani kwa pikipiki mbili, yeye mbele, mimi nyuma. Saa hii amelala. Ntumba amefunga dirisha ili vumbi lisiingie, anachambua mboga polepole asimwamshe. Mimi nimekaa mlangoni.