Wimbo wa Jiwe na Wimbo wa Mama

Alkhamisi usiku, Al Khuwair

Wale Wagiriki wameniudhi, na wala hawajanikosea kitu. Wamekuja na vinubi na zumari kutupigia muziki wa kale wa kwao, wanaoufufua. Mwimbaji wao akaeleza kuwa wimbo wa mwisho ulikutwa umechongwa kwenye jiwe la kaburi, maneno pamoja na mahadhi yake. Jiwe tu, na linakumbuka. Nilikuwa nimemshika Mama mkono.

Mama alikuwa kungwi, amewafunda wari wengi wa Unguja na wa hapa Maskati. Nyimbo za unyago haziandikwi, na mimi sikupata kuzisikia kwake, kwa kuwa mama hamfundi bintiye wa kumzaa. Makungwi wenziwe wote wameshakufa. Yeye mwenyewe siku hizi ananiita bibi, kama mgeni.

Tulipokuwa tukirudi, mle garini, akaanza kuimba. Labda zile zumari ndizo zilizomwamsha. Maneno yalimtoka yote, yamenyooka, huku akinipigapiga gotini kana kwamba mimi ndiye mwari wake. Nikapunguza mwendo. Sikuthubutu kugusa simu nimrekodi.

Kisha akanigeukia, akanitazama sana.

"Kumbe ni wewe, Salma. Haya si ya kusikia kwa mamako, mwanangu."

Akanyamaza. Nimembembeleza mpaka tumefika nyumbani, hataki.

Miezi yote hii nnaomba dua anitambue. Leo amenitambua.