Meza Isiyohama

3 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Salamu kwako na kwa hiyo cherehani yako, ambayo najua inakohoa kuliko mimi. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, lililoamua kustaafu kwa fujo. Macho yako je? Yale matone yanasaidia, au yanakuliza tu?

Nimenyimwa ruhusa ya kusafiri kuja huko nyumbani kwa mara ya nne. Karani alinikabidhi barua kwa adabu kubwa, na katika sentensi ya kunikatalia nikakuta makosa mawili ya tahajia. Nikayasahihisha kwa wino mwekundu, nikamrudishia. Kazi ya kusahihisha vitabu vya watu haitoki mkononi kwa sababu tu umestaafu.

Sasa nina wazo. Umeniambia kwamba wewe na wateja wako mnacheza poka mtandaoni, ile ya kujifurahisha, isiyo na fedha. Nifungulie meza ya faragha, mimi na wewe, kama tulivyokuwa tukicheza karata kwenye meza ya mama ya kupigia pasi. Kwenye simu ya picha tunabaki kutazamana kama picha za pasipoti. Mikono ikiwa na kazi, maneno yatakuja yenyewe.

Kaka yako

11 Machi

Shikamoo kaka,

Sisi wazima. Jicho la kulia limejaa ukungu. La kushoto linafanya kazi ya wawili na kunung'unika. Daktari atanipasua mwezi wa saba. Nilipomuuliza kama nitaona tena vizuri, akasema "tutajaribu", kama fundi asiyetaka kutaja siku ya kuchukua nguo.

Meza ya faragha sitaki. Unaukumbuka mchezo wetu wa mwisho, asubuhi ile unaondoka, begi liko mlangoni? Nilishinda, nikacheka mpaka nikakaa chini. Ulipokata kona nikafunua karata ulizotupa. Ulikuwa umenishinda, kaka! Ulinihurumia. Miaka thelathini na moja nina ushindi wa kupewa, na haujanikaa mwilini hata siku moja. Tukiwa wawili utarudia yale yale, na sasa una kisingizio cha macho.

Ukitaka kukaa nami, pita mlango wa mbele. Kuna mashindano mapya, sisi tunayaita Hamahama. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri; nyingine tano zinafunuliwa katikati, za wote. Ukizitupa zako tu, papo hapo unahamishiwa meza nyingine, kwa watu wengine. Kila uamuzi una sekunde kumi na tano. Kila Jumamosi asubuhi tunaanza watu mia mbili. Wakibaki tisa, kuhama kunakwisha: wanakaa meza moja mpaka mshindi apatikane. Nikute hapo kabla ya kisu cha daktari. Kwa huruma mtu hafiki.

Mdogo wako

7 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Wateja hawajambo? Goti linakusalimu.

Nimejiandikisha kwa jina la Nukta, na mara ya kwanza nimekuwa wa mia moja tisini na nane. Wawili walionifuata nadhani walikatikiwa umeme. Kosa langu ni malezi. Nilikuwa nikifika mezani naandika: "Hamjambo nyote? Habari za asubuhi?" Kabla sijaweka alama ya kuuliza, saa imekwisha, karata zangu zimetupwa, nami niko kwa wageni wengine, naanza upya. Mmoja akaniandikia: "Mzee, hapa si msibani."

Jumamosi iliyofuata nikanyamaza, nikatoka wa mia na kumi. Nimenunua daftari, naandika kila karata niliyocheza na sababu yake. Jana nililisoma lote kama ninavyosoma muswada wa mtu, na kosa likajitokeza ukurasa baada ya ukurasa: nang'ang'ania karata mbovu. Si kwa tamaa. Ni kwamba nimeshaanza kuwazoea waliokaa pale, na nikizitupa nitahamishwa. Nilidhani mtu aliyehamishwa mara nyingi kama mimi angeuweza mchezo huu. Kumbe kuhamishwa si ujuzi.

Nitajifunza kutupa. Nisubiri.

Kaka yako

19 Mei

Sindano,

Mzima. Wa thelathini na mbili, kisha wa kumi na tisa, kisha wa kumi na nne. Natupa nane katika kumi. Wewe?

Kaka

27 Mei

Shikamoo kaka,

Yaani umeanza kunisalimia kama niko meza ya Hamahama! Hata goti halikutajwa. Nilidhani limekatwa.

Nimefika tisa bora mara mbili. Natumia skrini ya televisheni na karata nimezikuza kama milango. Mara zote mbili nilisoma majina yote, Nukta hayupo. Nikacheza hovyo, nikatoka.

Jumamosi zimebaki chache kabla sijalazwa. Zuia salamu zako, sawa, lakini usijidanganye kwamba zimekwisha. Nakujua.

Mdogo wako

29 Juni

Sindano, mwizi wewe!

Nilipoona jina lako kiti cha nne nililisoma mara mbili, kama muswada. Meza moja, dakika arobaini, mimi na wewe! Na hukunibakishia chochote; ulinipiga mkwara mara tatu nikaingia. Saba wakatoka, tukabaki wawili.

Halafu nikapewa ree mbili. Hakuna mwanzo bora kuliko huo. Wewe ukaweka dau vipande vyako vyote vya kuchezea. Nilihitaji kubonyeza mara moja tu kukubali dau, na pale meza ya mwisho sekunde ni thelathini. Hapo ndipo ukaandika: "Shikamoo kaka."

Ningefanyaje? Nikaandika: "Marahaba, mdogo wangu, hujambo?" Ukajibu: "Sijambo. Habari za goti?" Nami, mpumbavu, nikaanza kueleza goti. Saa ikalia. Mtambo ukazitupa ree zangu zote mbili. Karata iliyofuata nikatia kila kitu kwa hasira, ukanimaliza.

Sikukupa! Umesikia? Safari hii sikukupa. Umeniibia mchana kweupe.

Kaka yako

4 Julai

Shikamoo kaka,

Nilikuwa na mbili na saba, takataka tupu. Ulipokawia kutupa nikajua nimekwisha, nikatafuta silaha iliyobaki. Salamu ilikuwa ya kweli. Niliichagulia wakati tu.

Barua yako nimesomewa na mteja, macho yamegoma. Pale penye "mwizi" nimemrudisha mara tatu, mpaka akaniuliza kama niko salama. Huu ushindi umenikaa, kaka, bila kupunguza hata pindo.

Keshokutwa nalazwa. Wakinifungua bandeji, nataka cha kwanza kusoma mwenyewe kiwe lile jibu lililokatizwa. Habari za goti? Andika yote, na za nyumbani, na za kazi, na za hiyo miaka thelathini na moja. Herufi ziwe kubwa.

Hapa hakuna saa.

Mdogo wako, mwizi